Neno Alilobakiza Mwalimu Kahiga

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu; Mchungaji, mwenyeji wetu katika ukumbi huu; Bwana Mwenyekiti wa klabu; Mama Rahab, uliyesafiri tangu jana kutoka Nyeri kuja kumchukua mume wako; wazazi na wageni wetu wa Maseno, Awasi na Ahero; wenzangu wa mikanda yote, kuanzia mweusi mpaka ule mweupe ulionunuliwa juzi na bado una mikunjo ya dukani: hamjambo nyote. Mwalimu James Kahiga, wewe nimekuweka mwisho makusudi. Kwa miaka kumi na minne umenisimamisha mwisho wa mstari, ukisema mwenye maneno mengi akae mbali na masikio yako.

Kwa wasionijua, mimi ni Jacinta Oyugi. Kazi yangu ni uuguzi, na kuanzia leo ndimi mwalimu wa karate wa klabu hii, kwa kuwa Mwalimu anastaafu. Ratiba mliyopewa mlangoni inasema sherehe iishe kabla ya saa kumi. Mimi niliomba kuzungumza mwisho, na saa ile ukutani inaonyesha saa tisa na dakika arobaini. Nitazungumza mpaka saa kumi ifike. Wanaofanya mazoezi hapa siku za Jumamosi kama leo wanajua kwa nini, na naona wameviacha wazi viti vyote vya nyuma, kule kwenye kona lilikoning'inia gunia la mazoezi.

Tuanze na sifa, maana ndizo zilizotuleta. Mwalimu alikuja Kisumu akiwa kijana, kuuza zipu na vifungo karibu na stendi kwa miaka miwili tu, arudi kwao na mtaji. Miaka miwili hiyo imekuwa thelathini na minane. Alianza kufundisha nyuma ya duka, na mpaka leo hupima hatua zetu kwa futi ya fundi cherehani, ile ya shingoni. Ni nani hapa hajawahi kupimwa mguu kama anayeshonewa suruali? Mheshimiwa, wewe ulihudhuria madarasa matatu kabla ya uchaguzi, na picha yako ukiwa umeinua mguu ingali pale mlangoni. Tumeomba mara nyingi ibanduliwe. Mwalimu amekataa, anasema inafundisha vizuri kwa kuwa makosa yote yamo.

Wazazi, mnalipia watoto wenu wajifunze nini hasa? Mnadhani ni kupiga juu. Kupiga juu ni kazi ya wapiga picha. Mwalimu alitufundisha teke moja kwa bidii kuliko mengine yote, teke la ubavu, na alitaka tulijue likiwa chini, kimo cha paja, kabla hatujaruhusiwa kulipandisha. Goti linakuja kwanza, hadi kifuani. Mguu uliosimama unazunguka mpaka kisigino chake kimtazame unayempiga, la sivyo goti lako litalia ukiwa na miaka arobaini, na litakuja kulia kwangu kliniki. Kisha nyonga inasukuma, kisigino kinagonga. Wengi huishia hapo. Wakishagonga, wanauachia mguu uanguke kama mzigo uliowashinda, na hilo ndilo Mwalimu hakulisamehe kamwe. Mguu lazima urudi kwenye goti, kwa njia ileile uliyoendea, ndipo uwekwe chini bila sauti. Alikuwa akisema, "Umekata tiketi ya kwenda tu. Utarudije?" Alisema hivyo kwa ukali, na sisi tulicheka.

Tulikuwa pia na sheria moja, na wageni naomba muielewe, kwa sababu yote yanayobaki yanaitegemea. Mwalimu akikupa zoezi, huliachi mpaka aseme "tosha". Hukuambiwa ni mateke mangapi. Ukijiwekea mwisho mwenyewe, alisema, mwili utakudanganya mapema. Na mtu akiambiwa tosha, hainami peke yake. Mstari mzima unainama pamoja naye, kisha anaketi.

Sasa nimtaje Kageha.

Kageha alikuwa karani wa ghala la mchele kule Ahero, dada wa Kimaragoli wa miaka ishirini na sita, mfupi, mcheshi, mwenye mguu wa kushoto mkaidi kama punda. Mguu huo haukurudi. Ungeweza kumtambua Kageha ukiwa umefumba macho, maana teke lake lilikuwa na sauti mbili: ya kwanza kwenye gunia, puu, halafu wayo ukianguka sakafuni, pa. Puu, pa. Mwenzake wa mazoezi nilikuwa mimi, na nilimtania hivyo mpaka jina likamganda.

Siku moja Mwalimu alimpa zoezi la teke hilo la kushoto, akatoka kunywa chai, akakutana na mteja, akasahau. Alirudi baada ya dakika hamsini akamkuta Kageha bado anapiga, anatetemeka mwili mzima, hajaketi. Mwalimu akamsimamisha mbele yetu akasema, "Huyu ndiye mwanafunzi." Tulimpigia makofi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Nimeyafikiria makofi yale kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu, na nayataja leo ili Mwalimu asije akadhani kwamba lililofuata ni mzigo wake peke yake.

Likaja lile la Aprili ya mafuriko. Klabu ilikuwa imekodi chumba nyuma ya ghala la Ahero, na Mwalimu alikwenda huko Jumamosi kumwandaa Kageha kwa mtihani wa mkanda mweusi. Saa tisa alimwambia, "Kushoto, mpaka niseme." Simu ikalia: paa la duka lake linavuja, bidhaa zinalowa. Akaondoka mbio kuja Kisumu. Alifikiri atarudi baada ya saa moja.

Mama Perez yuko hapa, pale kwenye safu ya tatu. Yeye huuza mchele karibu na ghala lile, na alinipa ruhusa ya kusimulia alichokiona. Maji yaliingia saa kumi kasoro dakika chache. Yalikuwa ya kifundo cha mguu, na ninyi watu wa Ahero mnajua, maji ya kifundo si habari. Mnaweka magodoro juu ya meza, mnaendelea kupika. Mama Perez alikuwa akipita na watoto wa binti yake akasikia gunia, puu, pa. Akasimama dirishani.

"Kageha, maji inaingia. Toka."

"Naja, Mama. Mwalimu hajasema."

"Mwalimu ako wapi?"

"Anakuja."

Mama Perez aliwapeleka watoto barabarani, kwenye lami iliyoinuka. Kabla hajageuka, saa kumi hivi, mto ulivunja kingo kule juu na ukuta wa nyuma wa ghala ukaanguka. Kageha alipatikana baada ya siku mbili katika mashamba ya mpunga. Mkanda wake ulikuwa bado umefungwa vizuri, na tulimzika nao kwao Vihiga.

Gunia lile halikuchukuliwa na maji. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelishona, turubai nje, makapi ya mpunga ndani, na tulilikuta linaning'inia kwenye boriti pekee iliyobaki. Alilileta hapa, akalitundika kwenye kona ile. Miaka miwili sasa halijakauka. Mimi ni muuguzi, sipendi hadithi. Nimelitoa makapi nikayaanika kwenye jua la Januari siku nne, nikalijaza tena, na kesho yake sakafu chini yake ilikuwa na maji. Nimekagua paa. Nimekagua kamba, panya na upepo wa ziwani. Mchungaji aliliombea, na baada ya kuliombea alihamisha kipindi cha kwaya kutoka Jumamosi kwenda Alhamisi.

Kwa sababu kila Jumamosi, saa kumi kamili, gunia linapigwa. Mnaosikia leo kwa mara ya kwanza, msiniangalie hivyo. Waulizeni mlioketi nao. Halichezi sana. Linatikisika kidogo, upande wa kushoto, kimo cha mtu mfupi. Puu, pa. Linaendelea kwa muda wa dakika hamsini hivi, halafu linatulia, mpaka Jumamosi inayofuata.

Na Mwalimu huwa hapa. Hajakosa hata moja. Anasimama mbele ya gunia, futi shingoni, anatazama. Tangu Aprili ile hajalitamka lile neno. Mmegundua? Darasa likiisha, anapiga makofi mawili tu, na sisi tunaelewa. Mama Rahab alitangulia Nyeri akatengeneza nyumba, akapanda hata maua. Lori la kubeba vitu limekodiwa mara tatu, na mara tatu limerudi tupu. Daktari amemwambia moyo wake hautaki tena ngazi wala joto la hapa. Nilimuuliza mwaka jana, "Mwalimu, unangoja nini?" Akanijibu taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Jacinta, siwezi kumwacha njiani. Mguu haujarudi."

Nilidhani ni huzuni inayosema. Nikaanza kuja naye. Nilifumba macho nikasikiliza kama nilivyosikiliza zamani, na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoogopa kweli, kuliko nilivyoogopa siku ya kwanza. Sauti ya pili ilikuwa inapungua. Wakati wa Krismasi ilikuwa bado pa. Kufikia Pasaka ilikuwa nyepesi, mfano wa mtu anayeweka kikombe mezani usiku asiamshe watoto. Aliyekuwa pale alikuwa anajifunza. Miaka miwili alikuwa anarekebishwa, na Mwalimu alikuwa anamrekebisha, ukikaa karibu ungemsikia akinong'ona, "Goti. Rudisha goti." Ni nani amewahi kuwa na mwalimu wa namna hiyo? Na ni nani angetaka?

Jumamosi iliyopita tulisimama sisi wawili. Saa kumi ikafika. Puu. Nikangoja ya pili. Haikuja. Puu, kimya, puu, kimya, kwa dakika hamsini. Mguu ulikwenda na kurudi na kuwekwa chini bila kosa hata moja. Sijawahi kulipiga teke lile vizuri namna hiyo, na mkanda wangu ni mweusi. Nilimtazama Mwalimu nikidhani sasa atasema. Alifungua mdomo. Halafu akapiga makofi mawili, akaenda kuketi kwenye ngazi za nje, akalia.

Mwalimu, nakuelewa. Ukisema, hutamwona tena, hata kwa namna hii. Lakini yeye hafahamu kuwa maji yalikuja na yakaenda. Anafahamu kitu kimoja tu, kwamba hujasema. Mimi sikuchukua klabu hii ili nimrithi mwanafunzi ambaye ni wewe tu unayeweza kumwachilia. Neno langu halimhusu. Nimejaribu. Nilikuja Jumatano nikalisema mbele ya gunia, kwa sauti yangu yote, na Jumamosi akapiga kama kawaida.

Saa kumi.

Naona mnageuza vichwa. Tafadhali msigeuke. Watoto, tazameni mbele, mtazameni Mwalimu. Hakuna anayetaka kumdhuru mtu hapa. Ni mwenzetu yuko kwenye zoezi. Sikilizeni tu. Mnasikia sauti ngapi? Moja. Mama Perez, wewe ulisikia mbili siku ile dirishani. Leo ni moja, sivyo? Asante, Mama.

Mwalimu, naomba usimame. Mama Rahab, mshike mkono. Hapana, Mwalimu, usipige makofi. Mikono ishushe. Anakungoja.

Tuko pamoja nawe. Chukua muda wako.

Mmesikia wote. "Tosha" yake imetoka ndogo, lakini imetoka, na aliye kule nyuma ameisikia kabla yangu, kwa sababu gunia limesimama. Tazameni, hata halitikisiki.

Wanafunzi, simameni, mikanda yote. Desturi yetu mnaijua. Aliyeambiwa tosha hainami peke yake. Acheni nafasi ya tano wazi, ilikuwa yake. Tuiname.

Sasa aketi. Ondiek, fungua ule mlango wa nyuma, uache wazi, halafu rudi mahali pako.

Waheshimiwa, wazazi, wageni wetu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, na zaidi kwa kutogeuka. Mama Rahab, sakafu ya kona ile imeanza kukauka. Lori liko nje. Mpeleke Mwalimu nyumbani.