Mzee Bwanausi, Aliyekaa Chini ya Taa Kabla Yetu

Leo Jumamosi, tarehe 31 Machi 1956, Mzee Bwanausi bin Majaliwa anatimiza miaka ishirini na saba ya kazi katika chumba cha picha cha Bwana Nasser bin Himid hapa Dunda, Bagamoyo. Jioni hii, baada ya chai na kaimati za Bi Khairiya, atakabidhi ufunguo wa stoo ya taa na kurudi kwake Kaole akiwa mstaafu. Nimeombwa mimi, karani wa chumba hiki, niandike habari zake katika karatasi hii ya shughuli. Ninaandika kwa furaha, kwani mwaka huu kila kitu nakifanya kwa furaha: nina miezi miwili tu tangu nimwoe Zuleha wangu, na hata kuandika risiti kwangu ni kama kuimba. Lakini mkiona mahali furaha imepungua, msishangae. Kuanzia kesho taa zitakuwa mikononi mwangu, na ninaogopa.

Mzee Bwanausi alianza kazi kama seremala wa wiki moja. Bwana Nasser alikuwa ndiyo kwanza amenunua kamera na kuamua kugeuza sebule ya nyumba yake kuwa mahali pa kupigia picha. Alimwita amtengenezee benchi la wateja. Benchi lilikwisha siku ya nne. Siku ya tano alikutwa amekiinamia kinara cha taa, anakisukuma kwa kidole kimoja na kukitazama kikiyumba.

"Bwana, hiki ulikinunua au ulikiokota?" aliuliza.

Bwana Nasser alicheka, akamwambia abaki akitazame vizuri. Amekitazama hadi leo.

Msomaji asiyeifahamu nyumba hii atajiuliza kwa nini tuhangaike na taa mchana, na jua lote hili la Bagamoyo. Sababu ni maharusi. Biharusi wa hapa kwetu hapigwi picha dirisha likiwa wazi, mpita njia akamwona. Madirisha hufungwa, pazia zito hushushwa mlangoni, na wanaume wote hutoka. Bi Khairiya, mke wa Bwana Nasser, ndiye hushika kamera. Mle ndani hubaki wanawake, shela, marashi na udi, na juu yao taa ya karabai iliyopigwa pampu mpaka inanguruma, imejaa mafuta. Hakuna mwanamume wa kuishika. Kuna kinara peke yake. Sisi wanaume, Mzee Bwanausi akiwa mbele yetu, husimama nyuma ya pazia tukisikiliza. Nani kati yetu hajatokwa na jasho pale?

Mwaka 1931 kinara kile cha kwanza kilianguka. Kilikuwa na miguu minne, na sakafu yetu ya chokaa ina mabondemabonde, kwa hiyo daima mguu mmoja ulikuwa hewani. Mzee alikuwa amemleta binti yake Mwanabaraka, mtoto wa miaka mitano, apigwe picha yake ya kwanza. Mtoto aliinuka mkekani kumfuata paka. Alipiga hatua tatu, nne hivi, taa ikashuka pale alipokuwa amekaa. Nusu ya mkeka iliteketea kabla hawajapata mchanga wa kuuzima. Mwanabaraka leo ni mama wa watoto wanne, na yupo hapa nasi, lakini baba yake aliniambia kwamba kwa siku tisa hakuweza kumeza wali. Kila akifumba macho aliuona mkeka ule.

Tangu hapo hakuna mtu katika mji huu aliyejua kinara kama yeye. Alitengeneza kipya kwa mvule, miguu mitatu, kwa sababu miguu mitatu hukaa imara hata penye mabonde. Aliitanua mpaka Bwana Nasser akalalamika kwamba sebule imekwisha. Chini alifunga mfuko wa turubai uliojaa mchanga, ili uzito ukae chini na si juu. Taa ikitokeza upande mmoja, mguu mmoja lazima uelekee upande huo huo. Halafu hukifunga kamba shingoni na kukivuta kwa nguvu za mtu aliyejikwaa, maana, anasema, "Mteja hakivuti kinara kwa adabu. Anakivuta akiwa anaanguka."

Na baada ya hayo yote bado hakiamini. Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wageni hulicheka na sisi hatulicheki tena. Kabla biharusi hajaingia, Mzee Bwanausi huiwasha taa, huketi mwenyewe kwenye kiti cha biharusi chini yake, hufumba macho na kusoma sura ya Yasini yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila haraka. Picha za harusi huchukua muda kama huo. Chuma kikipata moto hulegea, skrubu huteleza polepole, na anayetazama kwa dakika mbili haoni kitu.

Siku moja Mwishehe, mkulima wa kule Kerege, alikuja kupiga picha ya kitambulisho, akasikia Yasini inatoka ndani kama msibani. Alivua kofia, akaingia uani kwa huzuni.

"Poleni jamani. Nani katutoka?"

"Hajatoka mtu bado," Mzee alimjibu kutoka ndani bila kufumbua macho. "Ndiyo nazuia."

Mimi niliajiriwa mwaka 1954, nimetoka shule ya sekondari na kichwa kimejaa. Nilimpenda Mzee tangu siku ya kwanza, lakini kinara chake nilikionea haya. Kilikuwa cheusi, kizito, kimejaa alama za moto. Niliposa kwa kina Zuleha mwaka jana, nikaanza kuota picha ya harusi yetu. Nilitaka uso wake upate mwanga pande zote mbili, kivuli kisimguse hata shavuni. Kwa hiyo tulihitaji kinara cha pili, na mimi nilitaka cha kisasa. Nilimbembeleza Bwana Nasser wiki tatu. Januari akanituma Dar es Salaam, nikakichagua dukani: cha chuma, kinang'aa, chepesi, kinakunjwa kikawa kama mwavuli. Nilikichagua kwa kung'aa kwake. Sikukivuta hata mara moja.

Mzee alikiinua kwa vidole viwili.

"Mwanangu, hiki chepesi mno. Kitu kinachobeba moto kisiwe chepesi."

"Mzee, hiki ndicho wanachotumia mjini."

"Mjini wana zimamoto," alisema, akakirudisha ukutani.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Siku ile nikirudi nacho kutoka Dar es Salaam, basi lilipofika Kerege lilitumbukia shimoni, na magunia ya mpunga yakakiangukia kinara changu. Mguu mmoja ulipinda. Niliunyoosha kwa goti langu pale pale kando ya barabara, nikaufuta vumbi, nikafika nikitabasamu. Niliona aibu kumwambia Bwana Nasser. Siku zote tano zilizobaki kabla ya harusi nilijiambia umenyooka. Usiku sikulala vizuri, na watu walidhani ni furaha.

Siku ya harusi tulifika hapa baada ya adhuhuri. Zuleha alikuwa ndani ya shela la hariri, amejifukiza udi, nami nilimwona kwa ukingo wa jicho tu nikasahau jina langu. Pembeni yake alikuwa shangazi yake, Bi Chausiku, ambaye wote mnamfahamu kwa ulimi. Vinara viwili vilisimama chumbani, cha mvule na changu. Mzee Bwanausi akatutaka tusubiri nyuma ya pazia. Akaketi kwenye kiti chini ya kinara changu, akaanza kusoma.

"Yasini nzima?" alisema Bi Chausiku. "Biharusi atazeekea hapa hapa!"

"Bora azeeke, dada," Mzee alijibu, akaanza upya aya aliyokatizwa.

Nami, Mungu anisamehe, nilimuunga mkono Bi Chausiku. Nilisema, "Mzee, wageni wanatungoja, tufupishe." Nilisema hivyo nikijua habari ya mguu ule. Nilimwogopa shangazi kuliko nilivyoogopa moto.

Hakufupisha. Alikuwa amekaribia mwisho tuliposikia mlio mdogo, kama mtu anavunja njugu. Nilifunua pazia, nikauona mguu uliopinda unajikunja taratibu, na taa ikaja chini. Mzee aliinua mkono wake wa kushoto, akaipiga taa ikaelekea ukutani, mbali na pazia. Kioo kilipasuka, mafuta yakamwagika, moto ukapanda mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa na ndoo ya mchanga karibu na mguu wake, kama siku zote. Aliutumbukiza mkono ndani yake kabla mimi sijajua niende wapi, kisha akaumwagia moto wa ukutani mchanga uliobaki.

Zuleha alikuwa hatua tatu kutoka pale, ndani ya hariri. Ningekuwa nimepewa nilichoomba, angekuwa kwenye kile kiti. Mara nyingine alfajiri huamka nikamgusa bega kuhakikisha yupo, naye hunicheka, hajui ninachokitafuta.

Mzee alifungwa mkono kwa kitambaa chenye asali, akakataa kuondoka. Aliiwasha taa ya kinara cha mvule peke yake, akaketi chini yake, akasoma Yasini nyingine. Safari hii Bi Chausiku alisimama nyuma ya pazia akiitikia kila dua. Ndipo Zuleha akapigwa picha. Imetundikwa kwetu ukutani. Shavu moja lina kivuli, na ndiyo picha nzuri kuliko zote duniani.

Mzee hakuniuliza kitu kuhusu mguu ule, si siku ile wala siku yoyote. Mwezi huu, alipojua anaondoka, alinipa kazi moja tu: nichague kinara cha pili, peke yangu. Nilizunguka kwa mafundi wa Dunda siku sita. Kimoja kilikuwa kizuri lakini miguu imebanana. Kingine kilikuwa cha mninga, kizito, ila shingo ilikuwa na ufa mwembamba chini ya rangi, na nilifurahi kuuona kuliko nilivyowahi kufurahia cheti cha shule. Mwishowe nilikipata kwa Fundi Kulwa, mvule, miguu mitatu, kipana, kibaya kwa sura. Nilikivuta kwa kamba mpaka fundi akaniuliza nina ugomvi naye gani. Mzee alikitazama nilipokileta. Alikizunguka mara mbili, akaenda kunywa kahawa.

Jana nilimpelekea karatasi hii aisome kabla haijachapwa, kwa sababu sikutaka asikie habari ya Kerege kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Nilisimama mbele yake kama mshitakiwa. Alisoma polepole, akafika pale, akaisogeza miwani.

"Niliuona," alisema. "Tangu siku uliyokileta. Chuma kilichonyooshwa hakirudii rangi yake."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikwambia chepesi, hukunisikia. Siku ya harusi ningesema nini? Wakwe wamejaa nyumba nzima. Bwana harusi haaibishwi siku yake, mwanangu. Sikujua kama kitabeba au hakitabeba. Ndiyo maana nikakaa mimi." Akanirudishia karatasi. "Iache hivyo hivyo. Watakaokuja baada yako wajue."

Kwa hiyo nimeiacha.

Katika miaka ishirini na saba Mzee Bwanausi amewaweka chini ya taa zake maharusi, wazee, watoto na wasafiri wa Makka ambao hesabu yao hakuna anayeijua. Hakuna mteja hata mmoja aliyeungua. Kovu lililopo katika nyumba hii ni moja, na liko mkononi mwake. Kwa niaba ya Bwana Nasser, Bi Khairiya na wafanyakazi wenzake wote, tunamshukuru. Kwa niaba yangu na ya Zuleha, sina neno linalotosha. Ninalo jina lake, ambalo Mungu akitujalia mtoto wa kiume tutampa.

Baada ya chai tutapiga picha ya pamoja. Kwa kuwa mama zetu watakuwemo, madirisha yatafungwa na taa zitawashwa. Kiti cha katikati ni cha Mzee, na juu yake kutakuwa na kinara nilichokichagua mimi. Leo asubuhi niliketi chini yake, taa ikinguruma, Zuleha akinisubiri nyuma ya pazia. Nilisoma Yasini yote. Niliogopa tangu aya ya kwanza hadi ya mwisho, na sikuruka hata moja.

Shikamoo, Mzee. Kiti kimekwisha kukaliwa. Karibu ukae bila kutazama juu, na Mungu akupe huko Kaole siku nyingi za kuketi hivyo.

Sadallah bin Haji
Karani wa chumba cha picha, Dunda