Mwalimu Kyule Munyao, Aliyesubiri Nje ya Kanisa

Ndugu, walimu, majirani, na nyinyi mliokaa huko nje ya ua mkiogopa kuonekana, historia hii inasomwa na Mbuvi, mwana wa marehemu, mwenye degree na mikono mitupu, kwa sababu waliozoea kushika mic kwa matanga wamekataa kuja.

Mwalimu Kyule Munyao alizaliwa tarehe 9 Mei 1962 huko Nuu, akasoma shule ya msingi huko huko, sekondari Mwingi, kisha chuo cha ualimu, na kuanzia 1985 akafundisha sayansi hapa Tawa mpaka alipostaafu 2022, mtu wa kucheka, mkali akishika chaki, asiyeamini kuna Mungu, jambo ambalo hakulificha wala hakulihubiri.

Tarehe 12 Agosti 1989 alimwoa Kaluki, naye vilevile haamini, na mwaka uliofuata wakapata kijana, Munyao, aliyefariki kwa surua kabla hajatembea, na kwa vile wazazi hawakuwa washirika wa kanisa, hakuna kwaya iliyokuja, hakuna mama aliyeleta sufuria, marehemu akachimba kaburi yeye na shemeji yake, watu wakiangalia kutoka barabarani kama wanaotazama lori limeanguka. Hapo ndipo wawili hao walikubaliana, "Sisi tutavumilia, lakini watoto watapewa watu."

Basi Nzisa alipozaliwa tarehe 3 Februari 1992, na Mbuvi tarehe 20 Oktoba 1998, walipelekwa kanisani kila Jumapili, baba akiwashika mkono hadi mlangoni, kisha akiketi kwenye jiwe kando ya geti na gazeti lake, wazee wakimtania, "Mwalimu, leo Shetani amekupa off?" naye akiwajibu, "Amenituma nichunge pikipiki zenu," na nyumbani akiwasikiliza memory verse neno kwa neno, ukiruka moja unarudia.

Mbuvi aliacha kwenda alipofika campus. Nzisa, aliyepewa jina la nyanya yetu, mama mzazi wa marehemu, na kwa hivyo baba alimwita "mwaitu" siku zote, yaani mama yangu, aliamini, aliamini mpaka kwa mifupa, akawa mwalimu wa Sunday school, na hapo ndipo wazazi hawakuwa wamefikiria vizuri, kwamba ukimpa mtoto kanisa ndio apate watu, anaweza kupata na jehanamu pia, halafu akuone wewe ndani.

Machi 2024 marehemu alipatikana na saratani ya koo. Nzisa alimpigia magoti, "Nau, baba yangu, sema tu, sentensi moja, mimi nitaishi aje nikijua uko wapi?" naye, kwa sauti iliyobaki nyembamba kama karatasi, akamwambia, "Mwaitu, si ni mimi nilikufunza usidanganye?" Sauti ilipoisha kabisa, pasta alimshauri Nzisa amwombe baba afinye mkono wake, akifinya basi ameokoka, na kanisa litamzika kwa heshima zote. Asubuhi ya tarehe 17 Juni 2025, huko hospitalini, Nzisa alimwomba. Marehemu alifungua vidole vyote, akaweka kiganja wazi juu ya kiganja cha binti yake, na kabla ya saa sita akatuacha.

Pasta alipiga simu, "Alifinya?" Ndiyo moja tu, nani angejua? Nzisa alisema hapana.

Tunashukuru madaktari na manesi, walimu wenzake, majirani mliokuja na majembe, safari hii hamkubaki barabarani. Hata wanakwaya, wanafunzi wa Nzisa, mliokalia mawe hapo nje bila uniform, hamjaingia na hamjaenda, asanteni, hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yake.

Nzisa ameomba neno la mwisho la historia hii, lile la kumuaga baba, lisisomwe, si kwa hasira, ni kwamba haliamini, na hawezi kudanganya mbele ya jeneza la aliyemkataza. Mama yetu amesema lazima lisomwe. Tumeelewana hivi, litasemwa na sisi tusioamini peke yetu. Baba, pumzika kwa amani.