Swali la Mwanafalsafa

Ndani ya mashua ya kuvukia mto Neva, jijini Petersburg, Darya mfuma soksi alikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana, akajifanya anafungua nyuzi, masikio kayatega.

"Yule mwanafalsafa wa Kifaransa aliyefikia kwa bwana wangu," alisema Fyokla, mpishi mtumwa, "jana kaja jikoni, kaniuliza: ukipewa uhuru utakwenda wapi?"

"Ukamjibuje, mwanangu?" aliuliza Yerofei, seremala mzee.

"Nikamwambia supu ya kabichi inafurika."

"Ungemwambia kweli. Anakula meza moja na wakubwa, huenda angekusemea."

"Mzee, yeye ataondoka kabla mto haujaganda. Mimi nabaki na bwana. Bwana akisikia, nani atanikinga?"

"Lakini jibu unalo?"

Mashua iligusa ngazi za mawe, Fyokla akasimama.

"Mjini Tver, kwa dada yangu," alisema akiinua kikapu. "Wewe nimekwambia kwa kuwa hunijui."

"Hata hivyo ulikosea kutomwambia," Yerofei alisema, naye Fyokla keshashuka.

Darya, naye mtumwa wa watu, hakuwahi kuulizwa swali hilo na yeyote. Alipanda ngazi polepole, akipatafuta moyoni mahali pake mwenyewe pa kwenda.