Dole la Nyevu

Mwaka ule wa arobaini na saba kijiwe chetu cha Changamwe kilikuwa ubao mmoja mrefu karibu na matangi ya mafuta. Mimi nilikuwa muuza kahawa, na nilikuwa nimechoshwa na wateja wangu wote. Jioni moja Karisa, mmoja wao, alikuwa akingojea kesi ya udanganyifu kesho yake. Mkewe Nyevu alikuwa amekwenda polisi akasema kwamba miaka saba nyuma, yeye akiwa matangani Rabai, mumewe aliuza minazi mitano ambayo Nyevu alipewa na babake, kwa hati yenye alama ya dole gumba la mke. Akipatikana na hatia, Karisa angefungwa. Gona, tuliyemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama, alikuwa akimfunza maneno ya kusema, na Mwarandu, mteja mwingine, akisikiliza.

GONA *(akitikisa dole gumba)*: Mwambie hakimu mashtaka yamechelewa. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka!

MWARANDU: Mke kakaa miaka saba, Wakili. Haraka i wapi?

GONA: Ndiyo hiyo hiyo, ila kinyume.

KARISA: Alijua tangu mwaka ule, wallahi! Kanyamaza, kanipikia, kanizalia. Nilipomwoa Kahaso tu, minazi ikamrudia kichwani.

MWARANDU: Tena miaka ya vita haihesabiwi. Toa mitano.

KARISA: Itabaki miwili! Wamtetea nani wewe?

GONA: Sikizeni. Minazi ile imegemwa miaka saba, tembo lake limenywewa lote. Na Nyevu alilinywa, arusini kwa nduguye, mimi nilimwona. Basi mwizi ni yeye! Ashtakiwe!

MWARANDU: Na bibi arusi pia!

KARISA: Jamani, mimi naogopa. Jela si mchezo.

GONA: Usiogope, bwana. Mchuma janga hula na wa kwao. Tutakula nawe!

Wafula, mgeni wa juzi kutoka bara, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake na kusikiliza kisa chote tangu mwanzo. Akauliza kwa adabu:

— Samahani, wazee. Kama mama alikuwa matangani, dole lililotiwa wino lilikuwa la nani?

Karisa aliinama akatazama viatu vyake. Nikamimina kikombe, nikampa Gona. Mkono wake wa kulia, pamoja na lile dole lake, alikuwa ameukalia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona mtu huyu akikosa adabu mbele ya kahawa, lakini siku hiyo alipokea kwa mkono wa kushoto.