Bamba la Shafti ya Nyuma

Mkaguzi wa majengo alipanda basi akiwa amepakata shafti ya nyuma ya gari lake la michezo, gari lenye umri mkubwa kuliko ndoa yake. Mkewe alishasema: Jumamosi litoke uani, likitembea au likiburutwa na wanunuzi wa chuma chakavu. Mkaguzi alikuwa anampelekea shemeji yake shafti hiyo aone beringi mpya aliyoifunga, kwa kuwa shemeji alimcheka kwamba hataweza.

“Kaka, beringi hiyo umeishindilia mwenyewe?” aliuliza abiria wa kando yake, mama mwenye ovaroli yenye grisi.

“Mwenyewe, dada. Siku mbili, kwa nyundo.”

“Na bamba la kuizuia liko wapi?”

Alilitoa mfukoni. Alidhani ni la akiba.

“Loo! Hilo huvishwa kwenye shafti kabla ya beringi. Sasa uikate beringi, ununue nyingine, uanze upya.”

“Nikilipasua bamba upande mmoja, nikalipenyeza?”

“Gurudumu litafika nyumbani kabla yako.”

Mkaguzi, aliyekula mshahara miaka ishirini kwa kuona makosa ya wengine, aliligeuzageuza bamba mkononi.

Basi likasimama. “Karakana yangu ndiyo hiyo, na mashine ya kukandamizia beringi ipo,” mama alisema akiinuka. “Unashuka?”

Mlango ulipofungwa, mkaguzi alikuwa bado kitini, akipima kwa kidole gumba mahali pa kupitisha msumeno kwenye bamba.