Klachi Niliyoifunga kwa Mpira

Wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na ameshanitupia jicho la kunijua, kwa hiyo nitajitahidi. Wengi mnanifahamu kama yule anayekaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya chai. Walioumia kuliko mimi humu ndani ni wengi, na sikuja kushindana. Nimekuja kuwaeleza habari ya gari.

Marehemu baba alikuwa na pikapu kule Korogwe. Ilibeba machungwa, saruji, wagonjwa, maharusi, chochote kile. Mlangoni paliandikwa jina lake, sanduku lake la posta na uzito inaoruhusiwa kubeba, kama magari yote ya mizigo. Nilijifunzia kuendesha humo, nimekalia gunia la pumba ili nione mbele. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, nikiwa dereva wa basi hapa London, nilipoiona pikapu ya aina ileile imeozea shambani kwa mzee mmoja huko Kent, sikuweza kuipita. Nikainunua. Mke wangu akaitazama, akasema, "Haya, umeniletea mke mwenza," akarudi jikoni.

Nikaiweka kwenye banda la gari chini ya maghorofa yetu, hapa hapa Thamesmead. Nia yangu ilikuwa moja: kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Rangi ileile, gia zilezile za kwenye stelingi, hata nati ziwe za aina ileile. Nilitaka iwe kama ya baba.

Halafu nikapata kiharusi. Sitaeleza sana, humu ndani tunakijua. Asubuhi nilikuwa nafunga kifungo cha shati la kazi, mkono wa kushoto ukakataa. Nikaukemea. Mguu wa kushoto nao ukafuata. Nilikaa hospitali wiki kadhaa, na nilipotoka sikuwa dereva wa basi tena.

Sasa, kwenye gari za nchi hii, kama za kwetu, mkono wa kushoto ndio wa gia na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Daktari aliniambia kwamba baadaye huenda nikaruhusiwa kuendesha gari dogo, mradi liwe la otomatiki na liwe na kirungu cha kuzungushia stelingi kwa mkono mmoja. Nikamwitikia kwa heshima zote. Moyoni nikasema huyu hanijui.

Aliyekuwa ananisaidia pikapu ni fundi mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, asiyependa maneno mengi. Bodi ilikuwa imekwisha, kimebaki kipande cha gia. Akaniambia tubadilishe, tutie gia za otomatiki. Nikamwambia hilo halitakuwa gari la baba, litakuwa kituko. Akafuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Papa," akaniuliza, "hii motokari ni ya kutembea ao ni ya kuangalia?"

Nilimfukuza. Ndiyo, nilimfukuza mtu aliyekuwa ananifanyia kazi kwa roho safi. Nikatafuta gia za asili, nikazipata kwa muuzaji wa spea kuukuu, nikaita fundi mwingine asiyenijua, akazifunga na kwenda zake.

Huku nyuma nyumbani Korogwe hakuna aliyejua kwamba naumwa. Mnaijua tabia yetu. Ukiwa huku huugui, unapumzika. Nilikuwa natuma picha, nimesimama kando ya pikapu, mkono wa kushoto nimeutia mfukoni. Kaka yangu ananiandikia, "Bado una maringo yako, mkono mfukoni kama meneja." Nami namtumia kicheko. Mke wangu ndiye aliyekuwa anapiga picha hizo, na hakuwa anasema kitu. Ndugu zangu, nawaambia, ukimya wa mke wangu ningeuogopa mapema, tusingefika tulikofika.

Jumamosi moja mchana nikamwambia leo naitoa. Si barabarani, nikamtuliza, ni hapa bandani hadi uani, hatua kumi tu. Akasema mguu wako haukanyagi. Nikamwambia nimeshapata dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa mpira. Nilikata utepe wa tyubu ya baiskeli, ule ule tunaofungia magunia kwetu, nikaufunga mguu wangu kwenye pedeli ya klachi, nikaukaza kwa kuvuta ncha moja ndefu kwa mkono wa kulia na nyingine kwa meno. Baba alifunga kila kitu kwa mpira, sikuona kwa nini mguu ushindikane. Msicheke. Haya, chekeni.

Mke wangu akaenda kusimama mbele, uani, aniongoze. Akawa anapunga mikono, "Njoo, njoo, njoo." Nikawasha. Nikausukuma mguu kwa mkono wa kulia, klachi ikaenda chini, nikalikandamiza goti kwa kiwiko na kutia gia kwa mkono uleule. Nikaanza kuiachia pole pole. Mpira ukateleza, mguu ukaruka juu, na pikapu ikaruka nao.

Sikuona kitu zaidi ya uso wake. Injini ilizimika yenyewe. Alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu.

Nikamwita. Hakuitika. Nikataka kushuka, nikashindwa. Mpira ulikuwa umehamia kifundoni na kujisokota na pedeli, na fundo lile nililolikaza kwa meno limezama nyuma ya pedeli, siwezi kuinama nikalifikia, na mkono mmoja haulifungui. Nimekaa humo, mlango uko wazi, mke wangu yuko chini mbele ya bampa, na mimi nimefungwa kwenye gari langu kama mbuzi. Nilijifunga mwenyewe. Nililia, na sauti ilitoka.

Kisha nikaona mkono wake unashika boneti. Akanyanyuka. Bampa lilikuwa limemgusa magoti, akarudi nyuma, akaketi chini, basi. Akazunguka, akapiga magoti mlangoni, akaanza kulifungua lile fundo bila kuniangalia. Lilimchukua muda. Alipomaliza akasema, "Ungeniua kwa ajili ya gia."



Akatoa simu yake, akampigia kaka yangu kwa video, akanipa. "Mwonyeshe mkono," akasema. Nikauonyesha. Nikamweleza yote, na kwa nini nilitaka pikapu iwe kama ya baba, isibadilishwe hata nati. Kaka akafunika uso kwa kiganja. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini mara nikasikia anacheka katikati.

"Wewe," akasema, "kama ya baba? Ya baba ilikuwa na injini ya aina nyingine kabisa! Boneti ilitoka kwenye ajali Segera. Kiti kilikuwa cha basi. Breki ya mkono ilikuwa mpini wa jembe, umesahau? Mzee alibadilisha kila kitu ili kesho yake iende sokoni."

Nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka rangi tu.

Jumatatu nilimfuata fundi wangu nikamwomba radhi. Hakunihutubia. Aliniuliza kama nimekula, kisha akaleta jeki. Akatia gia za otomatiki, akafunga kirungu kwenye stelingi. Nilipimwa uendeshaji kwa mujibu wa taratibu, nikaruhusiwa. Mlangoni nimeandika jina langu, Thamesmead, na uzito wa mzigo. Nilipokuwa naandika ndipo nilipoona ajabu yetu. Gari linatangaza mlangoni linaweza kubeba kiasi gani, na hakuna anayelicheka. Mimi nilitia kiasi changu mfukoni, pamoja na mkono, miezi kumi na minane.

Kwa hiyo funzo langu ni dogo. Waambie watu uzito wako. Wa hapa na wa nyumbani.

Nawashukuru ninyi mlionivumilia pale mlangoni. Namshukuru fundi, ambaye hayupo kwa sababu ana kazi. Namshukuru kaka. Na mke wangu.

Kwake nina neno moja la mwisho. Siku ya kwanza ya kuitoa pikapu baada ya matengenezo, alikwenda kusimama mbele, palepale alipoanguka. Nikazima. Nikamwambia toka hapo, nitakuja bila kuongozwa. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena, nikapaza sauti, naye akapanga miguu yake vizuri na kuinua mikono.

"Njoo," akasema.

Nikaja, wenzangu. Pole pole sana, nikaja.