Siku Mkia Haukupita

Sogezeni viti, wanangu, mnisikilize, na wewe mama yao kaa hapo hapo kwenye ncha ya kitanda, usiende jikoni kutafuta kazi ya kujifichia. Daktari amesema maneno yake nami nimeyaelewa, maana miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba injini zao zimekufa, nikawaona wanavyonikodolea macho wakingoja nicheke niseme natania. Leo zamu ya kukodoa macho ilikuwa yangu. Binti, chukua daftari la mwanao uandike. Neno likikupita usinirudishe nyuma, andika linalofuata, kwa sababu pumzi hii ni kama mafuta ya akiba: inakwenda, lakini haina ahadi.

Nianze na vitu, kwani vitu ndivyo vinavyogombanisha watu kabla udongo haujakauka. Nyumba ni ya mama yenu, na asitokee wa kumwambia kwamba vyumba vimekuwa vingi kwa mtu mmoja. Gereji ni yenu wawili; wewe kifunguamimba wangu unajua kuzungumza na wateja, mdogo wako huyu binti anajua kuzungumza na injini, na siku mtakapogawana hamtakuwa na gereji, mtakuwa na vibanda viwili vya njaa. Pikipiki yangu ni ya binti. Usikunje uso, mwanangu. Wewe unapenda kuiosha, yeye anapenda kuiendesha, na chombo ni cha anayekichosha. Spana za sanduku jekundu msimwazime jirani yetu mchomeleaji. Si kwa kinyongo, kinyongo nimekwisha kukitoa, ila harudishi.

Haya. Hayo yalikuwa mepesi.

Mnajua kwamba mimi sikukanyaga chuo cha ufundi. Nilijifunza kwa kuifungua pikipiki mbovu ya mjomba wangu, nikashindwa kuifunga, nikachapwa, nikaifungua tena. Hasira nilizaliwa nazo, na jina la Cheche sikupewa kwa kuonewa. Mteja akinibishia nilimtupia ufunguo wake nikamwambia aende akatengenezewe na mdomo wake. Lakini katika mji huu wote hakuna atakayesimama penye kaburi langu aseme nilimwekea plagi kuukuu nikamwambia ni mpya. Bei yangu ilikuwa moja kwa tajiri na kwa muuza maziwa. Hilo ndilo lililokuwa vazi langu, wanangu, nilitoka nalo kila asubuhi, nami nawaomba mlishike vizuri akilini, kwa sababu ndilo lililoniwezesha kufanya ninalotaka kuwaambia.

Tulipoanzisha chama cha waendesha pikipiki tulikuwa watu ishirini na wawili: mwalimu, mchinja nyama, muuguzi, mafundi, mchanganyiko tu. Jumapili moja kila mwezi tulitoka pamoja kwenda mbali, mbele akiwa mwalimu aliyezijua barabara, nyuma kabisa nikiwa mimi, mkia, kwa sababu ndiye niliyebeba vyombo vya kutengenezea. Sheria yetu kubwa ilikuwa moja. Msafara ukifika njia panda, anayemfuata kiongozi anasimama hapo, ananyoosha mkono kuwaonyesha wenzake pa kukatia, wala haondoki mpaka mkia upite. Inyeshe, liwake, haondoki. Mkia ukipita unampungia, naye anaingia mbele yako, basi, safari inaendelea, na hivyo hata mwenye pikipiki mbovu kuliko zote hakupotea hata siku moja. Mtu aliweza kubaki nyuma peke yake, asione hata vumbi la mwenzake, akajua tu kwamba mbele huko yuko mtu amemsimamia.

Miaka kumi na tisa iliyopita, wewe binti ulikuwa darasa la pili, tulitoka Jumapili moja kwenda kuzunguka milima, njia panda ya kusimamia ikiwa moja tu: kwenda kwa barabara ya juu, kurudi kwa barabara ya ziwani. Aliyepangwa kumfuata kiongozi siku hiyo alikuwa fundi nguo. Mnamjua, yule wa duka la kona nyuma ya soko, ambaye tukipita kwake mnaniona nageuza uso. Vizibao vyetu vyote ishirini na viwili alivishona yeye, bila kudai hata uzi. Asubuhi ile alituambia kwamba baba yake amelazwa, kwa hiyo tukivuka njia panda ya milimani yeye atageuzia hapo arudi mjini, awahi kumpelekea mzee chakula cha mchana wodini. Tukasema sawa.

Tulipofika kituo cha mafuta nilikuwa nimechelewa, nimefunga mnyororo wa mchinja nyama mara mbili, mikono imejaa grisi. Mwalimu akasema mbele ya watu wote, "Leo mkia wetu ni wa kobe!" Mchinja nyama naye, ambaye mnyororo ulikuwa wake, akadakia, "Kobe ana mkia? Mimi nilidhani ana kisirani tu!" Wakacheka. Wanangu, ni hayo tu. Msingoje jingine, hakuna jingine. Walinicheka kwa muda wa kuwasha sigara, wakavaa kofia zao ngumu wakaondoka, na mimi damu ikanipanda mpaka masikioni. Nikawaacha watangulie, na nilipofika kwenye njia ya machimbo ya mawe nikakata kushoto, nikarudi nyumbani. Nikajisemea, wacha leo waone safari isiyo na fundi. Fundi nguo alikuwa mbele kidogo, mwendo wa robo saa, amesimama njia panda akinisubiri. Nilijua. Sikusahau, wala msije mkasema baba yenu alisahau. Nilijua nani amesimama, nilijua kwa nini ana haraka, nikaendesha.

Mama yenu alinifungulia mlango saa tano. Huku mjini kulikuwa kukavu, milimani mvua ilikuwa inamwagwa kwa ndoo. Akauliza, "Mbona mapema?" Nikamwambia mvua imetuvuruga. Akakigusa kizibao changu kilivyo kikavu, akanitazama, akaenda zake. Hakuniuliza mara ya pili, mpaka leo. Usilie, mama. Ningekuwa nimeolewa mimi na mtu kama mimi, ningekuwa nimeshahama.

Wenzangu waliporudi jioni kwa barabara ya ziwani walikuja moja kwa moja hapa, wamelowa, wana wasiwasi. Mwalimu akaniuliza, "Cheche, kulikoni?" Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mpana, ningeweza kusema nilikasirika nikarudi, wangenitukana, ningewatukana, yangeisha. Lakini macho ya watu ishirini yalikuwa yananiangalia, na mimi ni mtu wa kunyooka, mimi siachi watu. Nikasema, "Nimefika njia panda hakuna mtu. Nimekosa wa kunionyesha, nimepotea, nimerudi." Maneno yalitoka laini kama oili mpya.

Fundi nguo alikuwa bado barabarani. Alisimama pale tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, masaa saba, kwenye mvua. Baba yake alikata roho saa tisa, akiuliza wodini mwanawe yuko wapi. Nami nilikwenda mazikoni. Nilishika jeneza, upande wa kushoto, na nyuma yangu niliwasikia dada zake wakisema kaka yao alimwacha mzee akaenda kuchezea pikipiki.

Chama kilikutana wiki iliyofuata. Fundi nguo akasimama akasema, "Mimi sikutoka pale. Saa nane nilitaka kuondoka, nikasema labda Cheche ana pancha mahali, mtu haachwi." Watu wakatazamana. Hakuna aliyemwamini, kwa sababu hakuna kati yao ambaye angekaa masaa saba. Kisha akanigeukia: "Cheche, nitazame machoni urudie." Nikamtazama, nikarudia. Akavua kizibao, akakikunja vizuri kama anayemkabidhi mteja, akakiweka mezani, akatoka. Hajapanda pikipiki tena tangu siku hiyo. Sisi wengine tuliendelea kuvaa alivyotushonea mpaka vikachakaa mgongoni.

Sasa mnaelewa lile nililowaambia mlishike. Angesema mchinja nyama, wangepima maneno yake. Nilisema mimi, wakameza. Mwongo akidanganya anatumia maneno. Mimi nilitumia kila plagi mpya niliyowahi kumfungia mtu. Kwa hiyo nikifa msiseme baba alikuwa mkweli ila mara moja. Mara hiyo moja ililala juu ya nyingine zote. Mwalimu amekufa akiniamini. Huyo nimekwisha kumkosa. Na ninyi mmekaa hapa mmenizunguka, mmoja ananishika mguu, mwingine anaandika, nami kila mkinigeuza ubavu namkumbuka mzee yule aliyegeuzwa na wauguzi.

Nasikia unavuta pumzi kwa pua, kifunguamimba. Najua unalotaka kusema. Wewe ndiye mwenyekiti wa chama sasa, mmekuwa watu sitini, picha yangu mmeitundika ukumbini, na chini yake uliandika kwa mkono wako mwenyewe, "Hakuacha mtu nyuma." Sema basi... Aha. "Yaliyopita si ndwele." Mwanangu, methali hiyo mara nyingi husemwa na aliyekanyaga, aliyekanyagwa bado anachechemea. Hunisitiri mimi, unajisitiri wewe. Sikulaumu, nilikulea katika nyumba ambayo jina lilikuwa na bei kubwa kuliko bati. Lakini nakuagiza, na hili ndilo agizo langu, yale mengine yalikuwa mgao tu: mtalisoma daftari hili ukumbini, mbele ya wote sitini, kabla sijazikwa. Jeneza likiwa tayari ndani ya gari, lingoje. Dada za fundi nguo waitwe. Na picha ishushwe na mkono ule ule ulioandika.

Utafanya?

Nakuuliza, utafanya?

Ningekuwa na nguvu ningekurushia kikombe hiki. Basi. Binti, acha kuandika kidogo, nipe simu. Namba ya fundi nguo mama yako anayo. Ndiyo, anayo, amekuwa akimpelekea nguo zenu za shule miaka yote hiyo kwa kujificha, mnadhani mimi kipofu? Weka sauti nje wasikie wote.

Haloo... Ni mimi. Cheche... Bado nipo, usiwahishe... Fundi, nisikilize, sina pumzi ya salamu. Siku ile sikupita. Nilikata njia ya machimbo nikaenda nyumbani. Nilijua umesimama pale, nikasema hukuwepo... Fundi?

Cherehani imenyamaza. Mmesikia? Ilikuwa inalia, imenyamaza.

Ndiyo... Ndiyo, najua kwamba unajua... Kwa nini? Kwa sababu walinicheka... Kwenye kituo cha mafuta, waliniita kobe... Ndiyo, kwa hilo tu... Hapana. Hakuna jingine. Ningekuwa nalo ningekupa... Haya. Haya, fundi. Maliza kwanza.

Mmemsikia wenyewe. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Ana sare za wanafunzi, shule zinafunguliwa Jumatatu, akimaliza atakuja, na amesema anakuja kunitazama machoni, hakusema anakuja kunisamehe. Msimchanganyie hayo mawili. Asikaribishwe kwa vilio, asishikwe mikono na kuambiwa mgonjwa anamngoja yeye tu ndipo apumzike. Msimpe kazi ya kunisamehe, nimekwisha kumpa kazi za kutosha. Mpeni kiti tu. Na kwenye msafara wa kunizika asitokee mtu wa kumvalisha kizibao. Akitaka kuja atakuja, asipotaka, mtapita dukani kwake kimya kimya, bila honi.

Nini, mwanangu? Sema kwa sauti, mama yako asikie... Rudia... Utasoma wewe mwenyewe. Basi. Basi, njoo karibu, lete kichwa. Umenizidi, unajua? Mimi nilishindwa mbele ya watu ishirini, wewe umekubali sitini.

Sogea nawe, binti. Nipeni... hapana, maji baadaye. Mola awalinde barabarani na nyumbani. Awape marafiki watakaowaambia mmekosea mkiwa bado hai. Mwendo wenu uwe mwendo wa mwenye chombo dhaifu kuliko wote, mkimwona yuko peke yake... mrudi nyuma. Mkichekwa... chekeni nao, wanangu. Chekeni nao, haiumizi, nilikuwa sijui. Mama yenu... mshike mkono. Hapo.

Niinueni mto kidogo, nielekee mlangoni. Kutoka sokoni kwa miguu si mbali, lakini ana sare nyingi. Msimpigie tena. Na geti likilia... mtu yeyote akiingia... msiniambie ni yeye, kama siye.